Neno Lenye Huruma: Namna Usemi Unavyookoa Roho za Wanyama

Wahenga walisema kuwa maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Methali hii tumezoea kuitumia tunapowasuluhisha waliogombana, au tunapomwasa kijana auchunge ulimi wake. Wiki hii twapenda kuitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na maneno yake yenyewe, yaani uhusiano uliopo baina ya neno na mnyama. Mnyama hana kauli. Hawezi kueleza maumivu yake, wala hawezi kujitetea anaposingiziwa. Uhai wake, mara nyingi, hutegemea neno alilolitamka binadamu aliyekuwa wa kwanza kumwona.

Jambo hili lina uzito kwetu sisi watu wa Chara na vijiji vya delta ya Tana hadi Garsen. Vituo vinavyohifadhi na kutibu wanyama, ambavyo tutavitaja humu, viko mbali nasi: Lamu, Watamu, Mombasa na Nairobi. Baina ya punda aliyevunjika mguu kwetu na mkono wa mganga wa mifugo kuna mto, kuna matope, na kuna barabara ambayo mafuriko huikata. Safari ya kuivuka masafa hiyo haianzi kwa gari wala kwa mashua. Huanza kwa maneno ya mtu aliyesimama, akatazama, kisha akasema. Akisema vyema, msaada huja. Akisema ovyo, mnyama hufa akingojea, au huuawa kwa kosa asilolitenda.

Mtoto wa kiboko aliyepewa jina

Wengi wetu twakumbuka mwisho wa mwaka 2004. Mvua kubwa zilikuwa zimelisukuma kundi la viboko kutoka Mto Sabaki hadi baharini karibu na Malindi. Tarehe 26 Desemba mawimbi ya tsunami yakafika pwani yetu, na siku ya pili yake akaonekana mtoto mmoja wa kiboko, peke yake, amekwama kwenye mwamba wa baharini. Wavuvi, wenyeji, wageni na maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori walihangaika kwa saa nyingi wakitumia kamba na nyavu mpaka wakamtoa. Akapewa jina la Owen, kwa heshima ya mmoja wa waokoaji wake, akapelekwa katika hifadhi ya Haller huko Bamburi, Mombasa.

Huko Bamburi alikuwako kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130. Watunzaji walimwita Mzee. Kiboko yule yatima alimwendea kobe, akajificha nyuma yake kama afanyavyo mtoto kwa mamake, na wawili hao wakawa wakila pamoja na kulala pamoja. Habari yao iliandikwa katika kitabu kilichotoka mwaka 2006, na watu wa nchi za mbali wakaijua pwani ya Kenya kwa sababu yao.

Tuyatazame maneno mawili yaliyotumika hapo. Katika delta yetu, neno kiboko halileti picha nzuri. Ni mnyama anayekesha akila mpunga wa mkulima, na anayeweza kuipindua mashua na kumkata mtu vipande viwili. Hofu hiyo ni ya haki, wala hatuidharau. Lakini aliyeonekana Malindi hakuitwa janga. Aliitwa mtoto, kisha akaitwa Owen. Na kobe yule hakupewa jina la mzaha. Alipewa neno ambalo Waswahili humpa baba na babu. Aliyesikia kwamba mtoto amemkimbilia mzee hakuhitaji kufasiriwa zaidi. Lugha yetu yenyewe ilikuwa imekwisha kuifanya kazi ya kuziamsha nyoyo.

Hata hivyo, jina halikubadilisha meno. Owen alipokua na kuwa na nguvu, watunzaji walimtenga na Mzee ili kobe yule asije akaumizwa, wakamkutanisha na kiboko mwenziwe aitwaye Cleo. Hili ni fundisho tutakalolirudia: neno jema huufungua mlango wa huruma, lakini ukweli ndio unaolinda nyumba. Kituo kinachompamba mnyama kwa maneno matamu kisha kikaficha hatari yake kinajiharibia jina, na kinamharibia hata mnyama anayefuata.

Jina la nyumba

Si jina la mnyama tu lenye nguvu. Jina la nyumba anamohifadhiwa lina nguvu pia. Mwaka 1860, mwanamke wa London aitwaye Mary Tealby alianzisha mahali pa kuwapokea mbwa waliopotea na wenye njaa. Hakupaita gereza wala boma. Alitumia neno linalotumika kwa makao ya watu, akapaita makao ya muda. Baadhi ya magazeti yalimcheka: mbwa nao wana haja ya makao, ilhali mjini mna watu wasio na pa kulala? Mwaka 1862, jarida lililohaririwa na mwandishi Charles Dickens lilichapisha makala iliyowalinganisha mbwa wa mashindano, waliopambwa na kusifiwa, na mbwa hawa wa mitaani waliookotwa. Kejeli ikajibiwa kwa usemi bora. Nyumba ile ilihamia Battersea mwaka 1871, na ingali ikifanya kazi hadi leo.

Hapa Kenya tuna mfano wetu. Vyama vingi vya namna hii duniani hujiita vyama vya kuzuia ukatili kwa wanyama. Chama cha Nairobi kijulikanacho kwa herufi KSPCA, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1910, kimechagua kujiita chama cha ulinzi na utunzaji wa wanyama. Herufi ni zile zile, lakini maana imegeuka. Jina la kwanza humtazama mtu mbaya na kumnyoshea kidole. La pili humtazama mnyama na kumwalika kila mtu aje kusaidia. Mwenye punda aliyelemewa atasita kukiendea chama kinachoanza kwa kumwita katili. Hatasita sana kukiendea chama kinachosema: njoo, tukusaidie kumtunza.

Kibandiko mlangoni

Mwaka 2016, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitoa utafiti kuhusu mbwa waliokuwa wakingoja katika vituo vya hifadhi. Huko ilikuwa desturi kubandika kwenye kila kizimba jina la aina ya mbwa. Wataalamu waliwatafuta mbwa waliofanana kwa sura, baadhi yao wakiwa wameandikwa jina pit bull, linaloogopwa sana, na baadhi wakiwa wameandikwa majina mengine. Walioandikwa jina lile la kutisha walingoja zaidi ya mara tatu ya muda wa wenzao kabla ya kupata mtu wa kuwachukua. Na kituo kimoja cha Florida kilipoviondoa vibandiko hivyo vya aina, mbwa waliochukuliwa waliongezeka na muda wa kungoja ukapungua. Mbwa walikuwa ni wale wale. Lililobadilika ni neno. Na katika vituo vilivyojaa kupita kiasi, kungoja sana maana yake ni kukaribia kuuliwa kwa sindano.

Sisi hatuna vizimba vyenye vibandiko, lakini tuna vibandiko vya mdomoni. Twasema mbwa koko, twasema paka shume, twasema punda mkaidi. Tulitafakari hili la mwisho. Punda akisimama njiani na kukataa kwenda, mara nyingi ana sababu: ameona kitu kinachomtisha, kwato zake zina maumivu, au chini ya shogi mgongo umechubuka na kutoa usaha. Akiitwa mkaidi, jawabu lake ni fimbo. Akisemwa kuwa ameumia, jawabu ni kumfungua shogi na kutazama. Maneno mawili, na matibabu mawili yanayotofautiana kabisa. Hata methali yetu isemayo punda afe mzigo wa bwana ufike, tuliyoizoea kama sifa ya uvumilivu, yafaa tuisikie upya kwa masikio ya punda mwenyewe. Maana punda akifa leo, mzigo wa kesho utaubeba wewe.

Lamu na Watamu: kusema na mtu kabla ya kusema juu ya mnyama

Jirani zetu wa Lamu wametutangulia. Tangu mwaka 1987, taasisi ya hifadhi ya punda iliyoasisiwa Uingereza na Elisabeth Svendsen imekuwa na kituo katika mji huo, ambao vichochoro vyake vyembamba havipitishi magari na mizigo yake hubebwa na punda. Kituo hutibu bila malipo. Lakini jambo linalotupendeza zaidi ni mashindano yanayofanywa huko ya kumtuza mwenye punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Mtu angeweza kupita mitaani akitangaza orodha ya wenye punda waliodhoofu. Angepata nini? Wangewaficha punda wao majumbani, na vidonda vingeoza gizani. Badala yake hutangazwa aliye bora. Kijana anayeongoza punda wa mchanga na mawe hupata sababu ya kujivunia mnyama wake mbele ya watu, na aliyeshindwa mwaka huu huenda nyumbani akiuliza vipi mwenzake alivyofanya.

Kule Watamu, kusini mwa Malindi, watu wa hifadhi ya bahari walianza mwaka 1997 kazi ya kuwalinda kasa, na baadaye wakajenga kituo cha kuwatibu. Kasa huingia katika nyavu za wavuvi bila kukusudiwa. Sheria inakataza kumwua, lakini sheria haimo ndani ya ngalawa alfajiri. Aliyemo ni mvuvi, mwenye watoto wanaongoja chakula na wavu uliochanika. Wahifadhi wakafanya mapatano na wavuvi: ukimpata kasa katika wavu wako, tupigie simu, tutakuja, tutampima, tutamtibu akiwa mgonjwa, kisha tutamrudisha baharini. Mvuvi hupewa fedha kidogo. Fedha hizo si bei ya kasa. Ni pole ya muda wake na wavu wake. Tofauti hii ya neno ni kubwa. Ikiitwa bei, kasa amekuwa bidhaa, na kesho atatafutwa makusudi ili auzwe. Ikiitwa pole, mvuvi ni mwenzi katika wema. Kwa njia hii kasa zaidi ya 20,000 wamerudishwa majini.

Sisi tulio karibu na Kipini na Ghuba ya Ungwana, ambako kasa hupita pia, tuna la kujifunza hapo. Mvuvi akiitwa jangili kabla hajaulizwa, hatapiga simu.

Neno katika sheria

Wapo wanaodhani kuwa maneno ni upepo. Na watazame yaliyowapata punda wa Kenya. Kwa muda mrefu punda alihesabiwa kuwa mnyama wa kazi. Kisha akaingizwa katika sheria za nyama kuwa miongoni mwa wanyama wa kuchinjwa, na machinjio manne yakafunguliwa, Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana, hasa kwa ajili ya ngozi zilizotakiwa Uchina kutengenezea dawa. Wizi wa punda ukaenea. Mjane aliyelala ana punda wa kuchotea maji aliamka akakuta mabaki porini.

Wenye punda hawakunyamaza. Walikwenda mbele ya wakubwa, na usemi wao haukuwa juu ya punda peke yake. Walisema: huyu ndiye gari letu, ndiye bomba letu la maji, ndiye karo ya watoto wetu. Mwezi Februari mwaka 2020, Waziri wa Kilimo Peter Munya alipiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka 2021 mahakama iliitengua marufuku hiyo, na mjadala ukaendelea, mpaka Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokubaliana mjini Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Angalieni safari ya neno: punda wa kazi akawa punda wa nyama, na kila neno lilipogeuka, maelfu ya roho ziligeuka nalo.

Mbwa na hofu ya kichaa

Liko neno moja ambalo hapa kwetu linaua pande mbili, nalo ni kichaa cha mbwa. Kwa makadirio, ugonjwa huu huua watu wapatao 2,000 nchini Kenya kila mwaka, wengi wao wakiwa watoto. Serikali ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuwachanja mbwa wasiopungua asilimia 70 katika kila eneo.

Neno likitamkwa bila uangalifu, huwa hivi: mbwa mmoja ameng'ata, na jioni yake mbwa wote wa kijiji wanatupiwa nyama yenye sumu, wakiwamo wa wafugaji wanaolinda ng'ombe dhidi ya fisi na simba. Waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa, na kinga ya kijiji hufa nao. Kwa upande wa pili, mtoto aliyeng'atwa hupakwa dawa za kienyeji kwa kuwa mwenye mbwa ameapa kuwa mbwa wake hana kichaa. Wote wamepotezwa na usemi.

Usemi wa salama ni huu: mtoto fulani ameng'atwa na mbwa asiyejulikana kama amechanjwa. Sentensi hii haimtukani mtu wala haimhukumu mnyama, nayo yaonyesha la kufanya. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtoto apelekwe hospitali apate chanjo bila kungoja dalili, na ofisi ya mifugo iarifiwe. Dalili zikishatokea, ugonjwa huu hauna tiba.

Tulivyofunzwa

Dini yetu imelitangulia jambo hili kwa karne nyingi. Katika Sura ya Sisimizi twasoma habari ya chungu aliyewaonya wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na majeshi ya Nabii Sulaiman, alayhi salaam. Alionya kwa maneno machache, akaitaja hatari, akawaelekeza pa kukimbilia. Tena akawatolea udhuru wanajeshi kwamba wangewaponda bila kujua. Sulaiman alitabasamu kwa kauli yake. Kuonya bila kumsingizia mtu ubaya: adabu hiyo tumefunzwa kupitia kiumbe mdogo kabisa.

Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, ametuhadithia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Na ametufunza kuwa neno jema ni sadaka. Hukumu za twahara kuhusu mbwa zinajulikana, na wanavyuoni wamezieleza. Lakini hukumu ya twahara si ruhusa ya kutesa. Mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda wametajwa katika hadithi kuwa wanaruhusiwa kufugwa.

Namna ya kutoa habari

Tuweke sasa mkononi mwa msomaji jambo la kutenda. Tuseme mtu amemwona punda amelala kando ya njia. Tangazo la kwanza, tunaloliona mara nyingi katika simu zetu, ni hili: "Jamani angalieni unyama huu! Watu hawana imani!" Likifuatiwa na picha ya kutisha. Litasambazwa na mamia, na punda atabaki pale pale, kwa kuwa hapana aliyejua ni wapi.

Tangazo la pili ni hili: "Leo saa mbili asubuhi, kando ya njia ya kwenda mtoni, karibu na mwembe mkubwa, kuna punda jike wa kijivu amelala. Mguu wa nyuma wa kulia umevimba, hawezi kusimama, lakini ana fahamu na anakunywa maji. Mwenyewe hajajulikana. Nipo naye. Nambari yangu ni hii." Hili la pili limetaja mambo matano: ni mnyama gani, yuko wapi, tangu lini, ana nini kinachoonekana, na nani yuko naye. Daktari wa mifugo akilisoma, ajua achukue dawa gani. Mwenye punda akilisikia, hakutukanwa, atakuja.

Twaongeza nasaha tatu. Kwanza, tusiseme tusilolijua. Mtoto wa paa aliyejikunyata majanini huenda si yatima. Mamake humficha akaenda malishoni, kisha humrudia. Wengi huokotwa kwa neno "ameachwa," wakafa majumbani kwa maziwa yasiyowafaa. Tena mnyama wa porini haruhusiwi kufugwa bila kibali. Waarifiwe watu wa Huduma kwa Wanyamapori.

Pili, anayemtafutia mnyama makao asifiche aibu yake. Paka anayekwaruza watoto na asemwe kuwa anafaa nyumba ya watu wazima. Tulivyokatazwa kuficha kasoro ya bidhaa sokoni, ndivyo isivyofaa kuificha kasoro ya mnyama. Aliyedanganywa atamtupa, na hatamchukua mwingine.

Tatu, mambo yakiisha, tuseme yameisha. Mnyama akipatikana, akipona au akifa, tangazo la mwisho litolewe. Watu wasiopata jawabu mara ya kwanza hawaitiki mara ya pili.

Mafuriko yatarudi, kama yalivyokuja 1997 na 2023, na ukame nao utarudi. Siku hiyo hatutakuwa na muda wa kujifunza lugha ya huruma. Tutatumia ile tuliyokwisha kuizoea majumbani. Kwa hiyo wazazi na walimu wa madrasa tunawaomba waanze na watoto: mtoto akisema punda ni mkaidi, aulizwe, umemtazama mgongo? Akisema mbwa yule ni mbaya, aulizwe, alikufanya nini, na wewe ulimfanya nini? Maswali hayo hayagharimu shilingi. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye kheri kwa kila kilicho hai. Amin.